Futikamba ya Mtani

Richardson, Texas
14 Oktoba 2018

Mtani wangu Ndeshi,

Sijafa. Najua habari hii inakuuma kwa sababu koti langu ulishalivaa, lakini vumilia. Juzi wamenitoa hospitali, na leo nimeomba kalamu kabla ya uji. Faustine amenipa anwani yako ya Houston, kwa mama yako mdogo Bertila, hapo Gulfton. Alisita kidogo. Mwanangu alidhani nataka kukugombeza.

Kukugombeza! Ndeshi, nina kesi! Miaka themanini na mmoja, moyo umechoka, miguu imejaa maji kama viriba, halafu Mungu ananiletea kesi mpaka sebuleni. Unajua mnavyotusema Wapare, kwamba tunauza ng'ombe ili kumshtaki aliyetuibia kuku. Basi ng'ombe yuko tayari, leteni kuku.

Barua ya Bodi ya Wauguzi umeshaipata, lakini Bodi haimtaji mlalamikaji. Ni Joyceline, mjukuu wangu. Mwenyewe amenituma nikuambie, hataki kujificha. Siku nilipoanguka alitaka kujua kilichonipata, akafungua ile kamera ya sebuleni ambayo baba yake aliiweka ili anitazame akiwa kazini. Kamera haina sauti. Hebu fikiri alichokiona. Nesi anampima mzee miguu kwa futikamba, sawa. Kisha mzee analala kwenye kochi, anakunja mikono kifuani, anafumba macho. Nesi anampima tena kutoka utosini hadi unyayoni, halafu mabega, huku anacheka! Anachukua koti la mzee kwenye msumari, analivaa, anajitazama kwenye kioo. Anaingiza mkono mfuko wa ndani, anatoa kitu. Mzee anaamka, anamshika mikono, anamsihi. Nesi anaondoka nacho. Keshokutwa yake mzee yuko kwenye gari la wagonjwa.

Mtoto amekulia hapa. Utani wa Wapare na Wachaga atausikia wapi? Na mimi niliyekaa miaka kwenye kamati ya nidhamu ya wauguzi kule nyumbani, ningeletewa picha zile bila maelezo, ningekuita siku hiyohiyo.

Kwa hiyo usihofu. Nitaandika maelezo, nitapiga muhuri wa kidole ikibidi. Kuhusu ule mfuko, nitajua la kusema.

Kampuni yako imekataza wateja kuwapigia simu wafanyakazi iliowaondoa. Nimeisoma karatasi yao. Barua hazikutajwa.

Ni mimi, maiti yako iliyochelewa,
Sadock Mgonja


Houston, Gulfton
23 Oktoba 2018

Kwa Mpare aliyekataa kufa,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu unastahili.

Bahasha ilipofika mama mdogo alidhani ni Bodi tena. Akanawa mikono, akakaa, akaniambia, "Soma taratibu, nimeshika rozari." Nilipofika kwenye ng'ombe na kuku alicheka mpaka rozari ikaanguka. Akasema, "Huyo mzee mwache na kesi yake, ndiyo dawa inayomfaa." Nami nilicheka, Mzee. Sikuwa nimecheka tangu niondoke Richardson.

Mwambie Joyceline sina kinyongo naye. Kusema kweli mwanzoni nilikuwa nacho, tena kikubwa. Kisha nikajiuliza: angekuwa babu yangu, na nesi ni mtu nisiyemjua, ningefanyaje?

Hali yangu ndiyo hii. Leseni bado ninayo, Bodi haijaichukua. Lakini kila kampuni ninayoomba kazi ikiangalia jina langu inaona kuna uchunguzi, basi wananiambia nisubiri simu. Simu yenyewe haiji. Unakumbuka nilikuambia nimepata nafasi ya chuo, kuanzia Januari nisome niwe nesi kamili? Wameizuia mpaka Bodi imalize. Bodi ikiniondolea leseni, nafasi imekwenda na miaka sita ya kulea wazee wa watu imekwenda nayo. Kwa sasa nakaanga maandazi ya mama mdogo. Anawauzia majirani zetu Wakongo, nao wananiita "dada infirmière", yaani dada nesi, na kunionyesha vidonda vya watoto wao. Nawaambia nendeni kliniki. Wanadhani naringa.

Utani waeleze, tena vizuri. Lakini mfuko usiutaje. Nimeshaijibu Bodi kwamba nilichotoa mfukoni hakikuwa kitu cha thamani na sitasema zaidi. Uliniomba nikakubali, mambo yaishe hapo. Wewe kula dawa zako, ule chakula kisicho na chumvi, hata kama ni makande.

Mchaga wako,
Ndeshi Lyimo


Richardson
5 Novemba 2018

Mtani wangu,

Leo nimehojiwa! Kwa simu, kwa muda mrefu, na mama mmoja mchunguzi wa Bodi kutoka Austin. Sauti ya upole, maswali makali. Nilivaa tai. Faustine akasema, "Baba, ni simu, haoni." Nikamwambia, "Mimi najiona."

Joyceline alikaa pembeni kunisaidia pale Kiingereza changu cha zamani kilipokwama. Nikaeleza kwamba watani ni makabila ambayo babu zao walipatana: tutukanane bila kukasirika, tuzikane bila kulipana. Nikamwambia mtani wangu ana haki ya kunipima jeneza nikiwa hai, na nikifa ana haki ya kuuziba mlango wa kaburi mpaka apewe chochote. Nikamwambia kwamba sisi nasi, Mchaga akifa, tunadondosha sarafu kando ya kitanda chake, na asipoinuka ndipo tunachimba. Mama akaandika. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, kama kuna aliyewahi kuinuka.

Nikamjibu, "Wawili, lakini ilikuwa noti."

Joyceline alitoka chumbani akicheka. Nilipomfuata kwa mkongojo wangu nikamkuta jikoni analia. Ananiambia, "Babu, so mlikuwa mnacheza? Nimemharibia mtu maisha kwa sababu ya mchezo?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia, mjukuu wangu, ungeyaona yale ukanyamaza, hapo ndipo ningekutafutia fimbo. Bodi ipo kwa ajili ya watu wasioweza kujisemea, na wewe ulidhani mimi ni mmoja wao. Anayelalamika kwa nia njema hata akikosea hajakosa.

Hayo nilimwambia vizuri sana. Nilikuwa mwalimu mzuri wa wauguzi, Ndeshi, unaweza kuwauliza.

Mwishoni mama mchunguzi akaniuliza, "Na kwenye mfuko wa koti kulikuwa na nini?"

Nikasema sijui.

Hapo ndipo tulipofika. Kesi inakwenda vizuri, mambo ya jeneza ameyaandika yote, nimesikia anavyobofya. Niandikie upesi uniambie wamekujibu nini.

Mteja wako na wakili wako,
Sadock


Houston
19 Novemba 2018

Mzee,

Shikamoo. Mimi mzima. Mambo yanakwenda vizuri, usiwe na wasiwasi. Bodi wameuelewa utani, wamesema hivyo kwa maandishi. Yaliyobaki ni madogo madogo.

Hapa mvua inanyesha kama haina kwao. Mama mdogo anakusalimu, anauliza kama kuna Mpare mjane mwenye nyumba.

Unakula dawa? Ile ya maji pia? Nijibu hilo tu.

Ndeshi


Richardson
2 Desemba 2018

Ndeshi,

Umenidanganya kama muuza ndizi wa Machame anayemwapia mgeni kwamba mkungu umeiva.

Nimeyajua yote. Mama mchunguzi alipiga tena wiki hii. Hospitali imempelekea majibu yangu: damu niliyofika nayo inaonyesha sikuwa nikipata dawa ya kupunguza maji. Sasa analiunganisha hilo na mfuko. Hasemi, lakini mimi nimeuliza maswali ya namna hiyo nusu ya maisha yangu, nayajua yanakoelekea. Nesi hakumpa mgonjwa dawa, au alizichukua. Na nesi mwenyewe, akiulizwa, anasema hatajibu. Hayo ndiyo uliyoyaita madogo madogo!

Kwa hiyo kaa, utoe maandazi motoni, usome niliyoyafanya, maana nimeyafanya kabla ya kukuuliza.

Niliwaita Faustine na Joyceline sebuleni, mbele ya kamera, nikamwomba Joyceline ampigie mama mchunguzi na kuweka simu mezani. Nikasema hivi.

Mwezi Agosti, kwenye ibada ya Kiswahili kule Mesquite, nilikojoa kwenye kiti. Mzee Sadock Mgonja, mwalimu wa wauguzi, mzee wa kanisa. Ile dawa haisubiri sala iishe. Dada mmoja wa kwaya alinifunika kwa kanga yake, watu wakatazama mbele kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniua. Tangu siku hiyo nilikuwa naweka kidonge chini ya ulimi, nameza maji, Faustine akigeuka nakitia mfuko wa ndani wa koti. Mimi niliyewafundisha wasichana mamia kwa mamia kumwambia mgonjwa, "Fungua mdomo, inua ulimi." Mwanangu mwenyewe sikumfundisha, nikamshinda kwa ujinga wake.

Nikasema: siku ile Ndeshi alinipima miguu, akaikuta imezidi, akauliza kama nimekunywa dawa. Nikamwambia ndiyo. Nikaona anataka kuuliza zaidi, basi nikajilaza kochini nikasema, "Mchaga, nipime jeneza kabisa." Huo utani niliuanza mimi. Niliuanza ili asiulize. Akacheka, akanipima, akavaa koti, akatia mkono mfukoni, akatoa vidonge konzi nzima. Uso wake ulivyobadilika, kamera haikuuona kwa sababu alikuwa ameipa mgongo. Mimi niliuona.

Nikamshika mikono. Nikamsihi asimwambie Faustine wala daktari, wala asiandike. Nikamwambia maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kumwambia nesi: "Mtani hamchongei mtani." Akanipa hadi Jumatatu niseme mwenyewe. Jumapili nikaanguka.

Yote haya nilipaswa kuyasema siku ya kwanza. Nilikuandikia barua ya furaha, ng'ombe na kuku, huku najua kwamba mfuko ndio kesi yenyewe. Niliona aibu ya kiti cha kanisa ni kubwa kuliko leseni yako. Sasa daktari ameacha kuniambia habari za mwaka ujao, ananiuliza tu kama nalala vizuri, nami nimehesabu hesabu zangu. Siwezi kwenda kuzimu ya Wapare na kesi ya uongo. Watanikatia rufaa hukohuko.

Sasa sikiliza hili, na ukitaka nichukie. Mama mchunguzi aliniuliza, "Kwa hiyo nesi alijua, na hakuandika, na hakumwita daktari?" Faustine akanikonyeza ninyamaze. Nikasema, "Ndiyo. Alijua, hakuandika." Ningeweza kukusafisha nusu, Ndeshi. Lakini kuna wazee wengine wenye makoti, na hawana watani. Nimekuosha kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine nimekupaka matope.

Nilipomaliza moyo ulikuwa unadunda kama wa kijana aliyetoroka bweni. Faustine alikuwa amefunika uso. Joyceline alikuja akanivua viatu, akanitazama miguu, akasema, "Babu, fungua mdomo. Inua ulimi." Tangu siku hiyo hanipi nafasi. Amekuwa askari!

Nakunywa dawa. Kanisani naenda na nguo ya ziada kwenye mfuko wa Walmart, na nimewaambia wazee wenzangu kwa nini. Wawili wakaniuliza kwa kunong'ona, ile nepi ya watu wazima inauzwa duka gani?

Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba uandike.

Sadock


Houston
12 Desemba 2018

Mzee Sadock,

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaitupa juu ya friji nikatoka nje, nikazunguka maghorofa yetu yote mpaka watoto wa jirani wakaanza kunifuata wakidhani ni mchezo.

Nilikasirika. Nilisema, huyu mzee ameniweka kwenye chungu, sasa ananikoroga. Nilianza barua tatu za kukutukana, tena matusi halisi, ya utani yalikwisha.

Ya nne ndiyo hii, na ina jambo usilolijua.

Unadhani nilinyamaza mbele ya Bodi kwa ajili yako. Umeniandika kama mtakatifu anayelinda aibu ya mzee. Mzee, aibu yako niliilinda siku ile moja tu, pale sebuleni. Ulipoanguka niliacha kuilinda. Kuanzia hapo nilikuwa nalinda yangu. Kwa sababu Ijumaa ile, kwenye gari, nilikuwa na simu mkononi. Namba ya daktari ilikuwa mbele ya macho yangu. Kwenye karatasi ya ziara niliandika "miguu imevimba zaidi, nitafuatilia," na sehemu ya dawa nikaiacha wazi. Nilijiambia ni utani, ni mzee wangu, ni mwalimu, anajua anachofanya. Ungekuwa Mzungu nisiyemjua ningepiga simu palepale barabarani. Ulikuwa wa kwetu, nikakupa huduma pungufu kuliko ya mgeni.

Ukitaka kujua kwa nini nilikubali kuitwa mwizi, ni kwa sababu mwizi sikuwa. Jina hilo halikunichoma. Lile lingine, la nesi aliyejua akanyamaza, lilikuwa la kweli.

Jana nimeiandikia Bodi yote hayo, kwa mkono wangu, hata simu ya kwenye gari. Mama mdogo alisema, "Mbona unajiongezea?" Nikamwambia nimejifunza kwa Mpare, ukiwa na kesi moja unaipa na ndama.

Sijakusamehe bado. Lakini nimenunua stempu nyingi.

Na hizo nepi, zile za duka la dawa ni bora kuliko za Walmart. Waambie wazee.

Ndeshi


Richardson
Siku ya pili ya Krismasi, 2018

Mtani wangu,

Barua yako Joyceline amenisomea mara mbili, macho yangu yamegoma. Pale penye simu ya kwenye gari aliiweka barua chini, akaniuliza, "Babu, watamnyang'anya leseni kwa kusema kweli?" Nikamwambia inawezekana. Nikamwambia pia kwamba pale kwenye kamati, mtu tuliyemwogopa hakuwa yule aliyekosea. Tulimwogopa aliyekosea halafu akatuambia kila kitu kilikwenda sawa.

Ndeshi, nilipokuwa nasikiliza nilipiga kochi kwa kiganja! Nimefundisha wauguzi wengi wazuri. Hakuna aliyewahi kunirudishia kazi yangu ikiwa imesahihishwa. Umeniambia nimekuandika mtakatifu, na kweli nilikuandika hivyo, kwa sababu mtakatifu haulizwi chochote.

Joyceline ananiambia nipumzike, naishia hapa. Bodi ikijibu, hata kama ni usiku wa manane, niandikie. Nangoja hukumu kama watoto wa hapa wanavyomngoja yule mzee wa ndevu nyeupe.

Sadock, kwa mkono wa Joyceline kuanzia aya ya pili


Houston
6 Februari 2019

MZEE! MPARE! SHIKAMOO MARA SABA!

Imekuja! Imekuja leo, mama mdogo ameifungua kwa kisu cha samaki, bahasha inanuka lakini sijali!

Wizi: wameufuta. Unyanyasaji: wameufuta, na wameandika neno utani kwa herufi zake, Mzee, U-T-A-N-I, kwenye karatasi ya serikali ya Texas! Kutompa mgonjwa dawa: wamefuta. Kutoandika na kutomwita daktari: limesimama. Nimepewa onyo. Litakaa kwenye jina langu, kila mwajiri atalisoma. Na lazima nikasome kozi mbili, moja ya kuandika kumbukumbu za mgonjwa, nyingine ya mipaka kati ya nesi na mgonjwa. Leseni inabaki! Inabaki, Mzee! Wamesema wamezingatia kwamba nilieleza mwenyewe.

Nimewapigia chuo papo hapo. Onyo wamelisikia, wakauliza maswali, nami nikajibu kila kitu bila kuzungukazunguka. Nafasi ya Januari imepita. Wamenipa ya Agosti!

Mama mdogo amewagawia Wakongo maandazi bure, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Uchagani. Nimeruka mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Kuna kitu nataka kukuambia nikiwa na furaha hivi, kwa sababu nikitulia nitashindwa. Nimekusamehe, nadhani tangu Krismasi. Nilichelewa kukuambia kwa sababu Mchaga hatoi kitu bila kukipima kwanza.

Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda basi nije. Mimi si mfanyakazi wa kampuni tena, wasinizuie. Nitakuja na futikamba. Safari hii nitapima miguu tu, na nitaandika.

Ndeshi wako, nesi mwenye leseni!


Richardson
24 Februari 2019

Kwa Shangazi Ndeshi,

Shikamoo. Mimi Joyceline. Naandika kwa Kiswahili ili niwe kama babu, baba atasahihisha kidogo lakini nimemkataza kubadilisha mambo.

Asante kwa kuja. Najua ulikuwa unakuja kumtembelea, halafu ukaja kumzika. Barua yako ilifika siku mbili kabla hajafariki. Nilimsomea. Pale palipoandikwa U-T-A-N-I alinifanya nirudie herufi moja moja, akicheka bila sauti. Halafu akasema, "Mwambie alete futikamba." Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho, ya mwisho aliuliza kama nimezima jiko. Lakini nilitaka ujue.

Siku ya mazishi nilikuwa na hofu ungekuja kimya kama wageni wengine. Ulipoingia pale kanisani na futikamba shingoni, ukapima jeneza mbele ya watu wote ukasema ni refu mno, Mpare arudishiwe pesa za mbao zilizozidi, mimi ndiye niliyecheka wa kwanza. Watu waliponitazama nikawaambia, "It's okay, ni haki yake." Mimi! Niliyekushtaki!

Koti liko kwenye boksi hili. Babu alisema ni lako kisheria. Nimekagua mifuko yote.

Kamera ya sebuleni tumeitoa. Lakini mjomba alirekodi mazishi kwa simu, na nimeangalia tena na tena. Kuna sehemu moja. Watu walikuwa wanapita kumuaga. Ulipofika, ukainama karibu kabisa na sikio lake, ukasema kitu. Halafu ukakaa hivyo, umeinama, unamtazama usoni, muda mrefu mpaka foleni ikasimama. Halafu ndipo ulipoanza kulia.

Muziki ulikuwa juu, sauti haisikiki. Nimeshajifunza kutojaza mwenyewe nisichokisikia. Kwa hiyo nauliza. Ulimwambia nini babu?

Joyceline Faustine Mgonja


Houston
3 Machi 2019

Joyceline mwanangu,

Marahaba. Koti limefika. Mabega yananipwaya, lakini nimelivaa kwenda darasani, ile kozi ya kuandika. Mwalimu alituuliza kwa nini tuko pale, nikasema, "Kwa sababu ya koti hili." Ikanibidi nieleze, na somo likaishia hapo.

Umeuliza vizuri. Nakujibu.

Sisi Wachaga, kama babu yako alivyomweleza yule mama wa Austin, tunajaribiwa kwa sarafu. Mpare sarafu haimwamshi, anajua itamgharimu kuinama. Kwa hiyo nilimwinamia sikioni nikamwambia:

"Mzee, Bodi wamebadili mawazo. Kuna rufaa."

Nikangoja. Nilimtazama macho, nikamtazama mdomo. Nilimpa nafasi ya kutosha, mwanangu, kuliko mnavyotupa sisi.

Hakuinuka. Ndipo nikaamini kwamba mtani wangu amekufa.

Ndeshi